Kimbunga cha baharini: ufuatiliaji wake na athari kwa Handeni na Korogwe

Kimbunga cha baharini ni mfumo wa upepo mkali na mawingu mazito ya mvua unaozunguka kitovu chenye mgandamizo mdogo wa hewa. Huzaliwa na kukua juu ya bahari yenye joto, na kusini mwa ikweta huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Makala hii inaeleza jinsi kimbunga kinachoongezeka nguvu kwa kasi kinavyofuatiliwa kinapoukaribia mwambao wa Tanzania, na kwa nini habari zake zinawahusu wakazi wa Handeni na Korogwe, wilaya mbili za Mkoa wa Tanga zilizo bara. Kwa wilaya hizi tishio kubwa ni maji kuliko upepo, na maji hayo huweza kuendelea kuleta madhara hata baada ya kimbunga chenyewe kutangazwa kuwa kimeisha nguvu.

Madaraja na majina

Kituo cha kanda kilichopewa jukumu la kufuatilia vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kipo kisiwani Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Eneo lake linaanzia ikweta hadi nyuzi 40 kusini. Mfumo hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, ukiwa bado ni dhoruba ya wastani. Ukifika kilomita 89 huwa dhoruba kali, na ukifika kilomita 118 huitwa kimbunga kamili. Juu ya hapo kuna kimbunga kikali, kinachoanzia takriban kilomita 166, na kimbunga kikali sana, ambacho upepo wake huzidi kilomita 212 kwa saa. Vipimo hivi ni wastani wa upepo wa dakika 10, si wa pigo moja la ghafla.

Msimu wa vimbunga katika kanda hii huanza Novemba na kumalizika Aprili, ingawa baadhi hutokea Mei. Nchini Tanzania miezi ya Machi, Aprili na Mei ni ya masika, ambapo ardhi huwa imeshiba maji na mito imejaa. Kimbunga cha wakati huo hukuta nchi isiyo na pa kuweka maji zaidi.

Kuongezeka nguvu kwa haraka

Kimbunga huchota nguvu kutoka baharini. Maji ya juu yanapokuwa na joto la nyuzi 26.5 au zaidi, mvuke mwingi hupanda, hupoa na kugeuka mawingu, na joto linaloachiliwa hapo huzidi kuivuta hewa juu. Mgandamizo wa hewa kitovuni hushuka, na upepo wa pembeni hukimbilia ndani kwa kasi zaidi. Ikiwa upepo wa tabaka za juu haupishani sana na ule wa chini, na hewa kavu haijapenya, kimbunga kinaweza kunenepa kwa saa chache tu. Wataalamu husema kimeongezeka nguvu kwa haraka pale kasi ya upepo wake inapopanda kwa kilomita 55 kwa saa au zaidi ndani ya saa 24.

Hali hiyo ndiyo inayowatia hofu zaidi watabiri, kwa sababu hufupisha muda wa watu kujiandaa. Nchini Meksiko, Otis kilikuwa dhoruba tu, lakini katika muda wa takriban siku moja kilipanda hadi ngazi ya juu kabisa na kuipiga Acapulco tarehe 25 Oktoba 2023. Karibu na kwetu, Kenneth kilijijenga hivyo hivyo kaskazini mwa Komoro mwezi Aprili 2019, na tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kikiwa na nguvu ambazo pwani hiyo haikuwa imewahi kuziona katika kumbukumbu za vipimo. Mtwara, iliyo ng'ambo ya mto Ruvuma, ilikuwa katika tahadhari. Shule zilifungwa na watu wakaambiwa wahame maeneo ya hatari.

Namna kinavyofuatiliwa

Katika Bahari ya Hindi hakuna ndege zinazotumwa mara kwa mara kuingia ndani ya vimbunga kama inavyofanyika Marekani. Macho makuu ni setilaiti. Mtabiri hutazama picha zinazofuatana, akisoma umbo la mawingu: yamejikunja kiasi gani, vilele vyake vina baridi kiasi gani, na kama jicho, yaani kitovu cha kimbunga, limeanza kuonekana. Kutokana na umbo hilo hukadiria kasi ya upepo kwa njia iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak katika miaka ya 1970. Setilaiti nyingine hupima mawimbi madogo ya uso wa bahari ili kukisia upepo unaoyasukuma. Kimbunga kikisogea karibu na pwani, rada za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), zikiwemo za Dar es Salaam na Mtwara, huonyesha mikanda ya mvua inakonyesha na inakoelekea.

Kutabiri njia ya kimbunga ni rahisi kuliko kutabiri nguvu zake. Njia huongozwa na mikondo mipana ya hewa ambayo kompyuta huweza kuikokotoa siku kadhaa kabla. Nguvu hutegemea mambo yanayotokea ndani ya eneo dogo karibu na jicho. Kwa hiyo ramani ya kimbunga huchorwa kama pembe inayopanuka kuelekea mbele, na mtu aliye nje ya mstari wa katikati hapaswi kujihesabu kuwa salama.

Vimbunga vilivyofika mwambao

Vimbunga ni nadra Tanzania kwa sababu nchi iko karibu na ikweta, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia inayovisokota ni hafifu. Hata hivyo havikosekani. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha majahazi na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Bagamoyo nayo ilibomolewa. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Tarehe 15 Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Aprili 2021 Jobo kilielekea Dar es Salaam lakini kikadhoofika kabla ya kufika.

Hidaya ndicho kinachokumbukwa zaidi leo. Kilijengeka mwanzoni mwa Mei 2024 mashariki mwa pwani ya kusini, na tarehe 3 Mei kikafikia ngazi ya kimbunga kamili. TMA ilitoa taarifa mfululizo kwa mikoa ya pwani, Tanga ikiwemo, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kesho yake kilipoteza nguvu haraka na kuifikia Mafia kikiwa kimedhoofika. Lakini mvua zake hazikudhoofika sawia na upepo. Barabara kuu ya kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikatenganishwa na Dar es Salaam. Mvua hizo zilikuja juu ya mafuriko ya msimu ambayo, kwa taarifa aliyoitoa Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, bungeni mwishoni mwa Aprili, yalikuwa yameshaua watu 155. Majuma machache baadaye Ialy kilisogea hadi bahari ya Kenya, karibu mno na ikweta. Kwa hiyo latitudo ya Tanga si kinga kamili.

Handeni na Korogwe

Mji wa Korogwe uko takriban kilomita 65 kutoka baharini kwa mstari ulionyooka, na mji wa Handeni takriban kilomita 100. Umbali huo hupunguza upepo, kwani kimbunga kikiingia nchi kavu hukosa mvuke wa bahari na kukwaruzana na ardhi. Mvua ni jambo lingine. Hewa nyevu ikisukumwa bara hukutana na kuta za milima ya Usambara, hulazimika kupanda, na humwaga maji yake kwenye miteremko ya Bungu, Vugiri na Dindira. Kutoka huko maji hushuka kwenye mto Luengera na vijito vingine hadi mto Pangani, unaopita Korogwe. Bwawa la Nyumba ya Mungu huzuia maji ya Kilimanjaro na Meru, lakini liko mbali juu ya mto. Halizuii hata tone la maji yanayoshuka Usambara.

Ukubwa wa jambo huonekana kwenye kipimamvua. Kila siku saa tatu asubuhi msomaji wa kituo humimina maji ya saa 24 kwenye chombo chenye alama na kuandika milimita. TMA huhesabu mvua inayozidi milimita 50 kwa siku kuwa kubwa. Milimita 50 ni kina kisichozidi urefu wa kidole, lakini kwenye eka moja ni zaidi ya lita laki mbili, na bonde moja lina maelfu ya eka.

Handeni ni nchi ya nyanda kavu na vilima, yenye makorongo yanayokauka kiangazi na kufurika kwa saa chache, mengi yakielekea mto Msangasi. Oktoba 2019, bila kimbunga chochote, vuli iliyochochewa na joto lisilo la kawaida upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ilileta mafuriko Handeni na Korogwe, ikaua watu na kuharibu barabara na madaraja. Wilaya hizi zimefungamana kiasi kwamba pigo la moja ni pigo la nyingine: barabara ya lami ya kilomita 65 huziunganisha, na mradi wa maji wa HTM huvuta maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni. Tope likiziba chanzo, au nguzo za umeme zikianguka, bomba la Handeni hukauka katikati ya mvua.

Yaliyotokea kwa majirani yanathibitisha kuwa umbali si ngao. Machi 2019 Idai kiliingia Beira, Msumbiji, lakini baadhi ya vifo vibaya zaidi vilitokea Chimanimani, milimani Zimbabwe, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini. Machi 2023 mabaki ya Freddy yaliangusha udongo na mawe kwenye makazi ya Blantyre nchini Malawi. Zaidi ya watu 1,000 walikufa au kupotea nchini humo.

Kimbunga kinaweza pia kuleta ukame mfupi. Kikikaa mbali kusini, kwenye mlango bahari wa Msumbiji, huvuta unyevu kuelekea kwake na kuiacha pwani ya kaskazini bila mvua kwa siku kadhaa. Mkulima wa Handeni aliyekwisha kupanda mahindi anaihitaji taarifa hiyo sawa na mwenye nyumba bondeni Korogwe anavyoihitaji ile ya mafuriko.

Tahadhari na hatua

TMA hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano, ukiwa na ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Kila taarifa hutaja mikoa, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji, ili taarifa isiishie redioni.

Ngazi ya kijiji ndiyo inayoamua. Mvua ikinyesha usiku Bungu, watu wa mabondeni wana saa chache tu, na simu ya mtendaji wa kijiji cha juu kwa mwenzake wa chini inaweza kuwafikia kabla ya maji. Familia zilizo kwenye kingo za mto na chini ya miteremko iliyokatwa miti zihame mapema, hata kama redio imesema kimbunga kimeisha nguvu. Dereva asivuke maji yanayopita juu ya barabara, kwani haoni kama lami iliyo chini bado ipo. Chakula, nyaraka na maji safi ya kunywa viwekwe juu kabla ya giza. Na kamati za Handeni na Korogwe ziendelee kukaa kazini mpaka mito irudi kwenye kingo zake, kwa sababu kwa wilaya za bara huo ndio mwisho halisi wa kimbunga.