Kabla ya kujenga, udongo hupigwa nyundo: Jinsi kasi ya mawimbi ya tetemeko inavyopimwa

Ukiona wataalamu wa jiolojia kijijini kwako wanapiga ubao kwa nyundo kubwa, na waya mrefu umetandazwa shambani, usidhani wanatafuta dhahabu tu. Huenda wanapima jinsi ardhi yenu itakavyotikisika siku tetemeko likitokea.

Kwa nini kasi ipimwe?

Mawimbi ya tetemeko hupita haraka kwenye mwamba na polepole kwenye udongo laini. Yakiingia kwenye udongo laini hupungua kasi, lakini mtikisiko wake huongezeka. Ndiyo maana nyumba mbili zinazofanana, moja mlimani kwenye mwamba na nyingine bondeni kwenye tope, zinaweza kupata madhara tofauti.

Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko lilianzia pwani ya Mexico, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji mkuu. Katika mji huo, majengo mengi yaliyoanguka yalikuwa juu ya udongo laini wa ziwa la zamani. Sehemu zenye mwamba zilitikisika kidogo zaidi.

Kipimo chenyewe

Ubao huwekwa chini na kukandamizwa, mara nyingi kwa tairi la gari. Ukipigwa upande wa kichwa, hutoa mawimbi yanayotikisa udongo kwa pembeni. Hayo ndiyo yanayotakiwa, kwa sababu hayapiti kwenye maji. Hata udongo ukiwa umelowa, kasi yake huonyesha ugumu wa udongo wenyewe.

Vifaa vidogo viitwavyo geofoni huchomekwa ardhini kwa mstari, navyo hunasa muda ambao wimbi linafika. Hesabu ni ya umbali kugawanya kwa muda. Tuseme geofoni mbili zimeachana mita 15, na wimbi limechukua sekunde 0.1 kutoka ya kwanza hadi ya pili. Kasi ni mita 150 kwa sekunde. Ili kujua tabaka za chini zaidi, mstari wa geofoni hurefushwa.

Namba zinasema nini?

Chini ya mita 180 kwa sekunde, udongo huo ni laini sana. Kati ya 180 na 360, ni wa wastani. Zaidi ya 760, hapo ni mwamba.

Sisi tunaoishi Bonde la Ufa na kandokando ya maziwa yake tunahusika. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu na kuharibu maelfu ya nyumba mkoani Kagera, Tanzania.

Kipimo hiki hakitabiri siku ya tetemeko. Kinasaidia kuchagua mahali pa kuweka shule au zahanati, na kumwambia mhandisi msingi na nguzo ziwe imara kiasi gani. Kijiji kikipanga kujenga jengo la umma bondeni, ulizeni kwenye mkutano: udongo umepimwa?