Sauti za paka kwa binadamu

Sauti za paka ni milio ambayo paka wa nyumbani (Felis catus) huitoa kwa koo na mdomo, na sehemu yake kubwa huelekezwa kwa mtu anayemfuga. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu (Felis lybica), paka mwitu wa Afrika na Asia Magharibi ambaye hadi leo yupo katika mbuga za Kenya na Tanzania. Kimburu huishi peke yake na si mnyama wa makelele. Ulalamishi wa jamaa yake wa jikoni umekuzwa na maisha ya pamoja na watu.

Uainishaji

Mwaka 1944 Mmarekani Mildred Moelk alichapisha orodha ya milio 16, akaigawa katika makundi matatu: ya mdomo uliofumbwa, ya mdomo unaofunguka kisha kufumbwa taratibu, na ya mdomo ulioachamishwa na kukazwa. Nyau imo katika kundi la pili, vilio vya ugomvi katika la tatu.

Nyau

Mtoto wa paka hulia nyau kumwita mama yake. Paka wazima ni nadra kuliliana hivyo wao kwa wao. Mbele ya mtu, hata hivyo, mlio huo wa utotoni hauachwi maisha yote. Hulilia chakula, mlango uliofungwa, au kushikwa tu.

Mwaka 2004 Nicholas Nicastro wa Chuo Kikuu cha Cornell alilinganisha nyau za paka wa nyumbani na za kimburu wa bustani ya wanyama ya Pretoria, Afrika Kusini. Za nyumbani zilikuwa fupi na nyembamba zaidi, na wasikilizaji walizipenda zaidi. Nchini Sweden, Susanne Schötz wa Chuo Kikuu cha Lund amechunguza kiimbo: nyau ya kuomba chakula huelekea kupanda mwishoni, ya kwa daktari wa mifugo hushuka. Kazi hiyo ya subira ilimpatia mwaka 2021 tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa nusu kwa mzaha.

Mtu asiyemjua paka husika hukisia vibaya. Katika utafiti uliofanywa Italia mwaka 2020, wasikilizaji wengi walishindwa kutofautisha paka anayesubiri chakula, anayechanwa manyoya na aliyeachwa peke yake mahali pageni. Hakuna lugha moja ya paka wote. Kila nyumba hujitungia yake.

Mkoromo

Paka hukoroma akivuta pumzi na akiitoa, kwa mitetemo ipatayo 25 hadi 30 kwa sekunde. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba lazima misuli ya zoloto ikazwe na kulegezwa mfululizo. Mwaka 2023 Christian Herbst na wenzake walipuliza hewa katika zoloto za paka wanane waliokufa, nazo zikakoroma bila amri ya ubongo, kwa msaada wa vifundo vya tishu vilivyomo katika nyuzi za sauti. Mkoromo si dalili ya raha pekee. Paka mwenye maumivu hukoroma pia.

Uko pia mkoromo wa kuomba. Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alionyesha mwaka 2009 kwamba paka mwenye njaa huchomeka ndani ya mkoromo kilio chembamba kinachokaribia kile cha mtoto mchanga. Hata wasiowahi kufuga paka waliusikia kuwa wa haraka zaidi na usiopendeza. Kilio kilipoondolewa kwa kompyuta, uharaka ulipungua.

Sauti nyingine

Paka husalimia kwa mlio mfupi wa kutetemeka, mdomo ukiwa umefumbwa.

Hali ya sasa

Tangu 2020 ipo programu ya simu, MeowTalk, inayodai kufasiri nyau kwa maneno. Ili imjue paka fulani, humtegemea kwanza mwenye paka aieleze kila mlio una maana gani.