Kuelewa: juu ya nini mizigo ya Kongo inapakuliwa mara nyingi njiani?

Mtu wa Bukavu akitaka kwenda Kinshasa anatafuta tikiti ya ndege. Asiye na pesa ya ndege anajipanga kwa safari ya wiki nyingi, ao anabaki. Vita imeharibu mengi, lakini shida hii ni ya zamani kuliko vita. Inchi hii yenye kilometa za mraba zaidi ya 2.300.000 haijapata hata siku moja barabara ya lami ao reli moja ya kuunganisha mashariki na magharibi.

Maji ndiyo barabara ya kwanza

Toka Kinshasa mpaka Kisangani, mto Kongo unapitika kwa mashua, kilometa zaidi ya 1.700. Lakini chini ya Kinshasa kuna maporomoko mpaka karibu na Matadi, na juu ya Kisangani kuna yale ya Boyoma. Wakoloni walijenga reli za kwanza kwa kuzunguka pale mashua haiwezi kupita. Reli ya Matadi–Kinshasa, kilometa 366, ilijengwa toka 1890 mpaka 1898, na wafanyakazi wengi walikufa humo. Reli ya Kisangani–Ubundu, kilometa 125, ni ya kazi ile ile.

« Njia ya taifa »

Tuchukue shaba ya Katanga. Kwa njia hii, ilipanda treni Lubumbashi mpaka Ilebo. Pale ikashushwa, ikapanda mashua kwenye mto Kasai mpaka Kinshasa. Ikashushwa tena, ikapanda treni mpaka bandari ya Matadi. Kila kushusha ni siku za kungoja, malipo, na mali yenye kupotea. Ndiyo maana leo shaba nyingi inatoka kwa kamyo kupitia Kasumbalesa, inavuka Zambia mpaka bandari za inchi zingine kama Dar es Salaam na Durban. Reli ya Lobito, ku Angola, nayo inaingia Kongo kupitia Dilolo.

Na barabara?

Office des Routes, iliyoundwa 1971, iko na mzigo wa kilometa karibu 58.000. Za lami ni elfu chache tu. Zingine ni udongo: mvua ikinyesha, kamyo moja inakwama, na zote za nyuma zinalala pale. Toka 2008 kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara. Pesa yake inatoka kwenye mafuta na kwenye peaji. Kwa hiyo kila mwenye kununua lita moja, hata wa pikipiki, analipia barabara.

Matokeo yanaonekana sokoni. Mahindi yanaoza kijijini sababu hayana njia, wakati Lubumbashi inanunua unga wa Zambia. Mkulima anakosa pesa, na mama wa mjini analipa bei ya safari ndani ya kila kilo.