Injini ya Corolla Nyuma ya Viti

Sisi mafundi wa Toyota tunaijua vizuri 4A-GE: silinda nne, cc 1,587, valvu 16, kamshafti mbili. Wengi wakiisikia hufikiria Corolla. Mimi naiheshimu zaidi kwa kazi iliyoifanya ndani ya MR2, gari dogo la viti viwili lililoingia sokoni Japani mwaka 1984.

Kuweka injini nyuma ya dereva, mbele ya ekseli ya nyuma, kulikuwapo kabla ya Toyota. Kwenye mashindano, waliowabadilisha watu mawazo ni Cooper, kampuni ndogo ya Uingereza: kwa magari yao Jack Brabham alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960. Siri ni uzito. Mzigo mkubwa ukikaa karibu na kitovu, gari hugeuka upesi kwenye kona, na matairi ya nyuma hushika barabara vizuri wakati wa kuondoka. Mwaka 1966 Lamborghini walitoa Miura, injini yake ya silinda 12 imelazwa kwa upana nyuma ya viti. Ilikuwa gari la matajiri.

Fiat ndio waliomfikiria mtu wa kipato cha kawaida. Katika X1/9 ya mwaka 1972 walichukua injini na giaboksi za Fiat 128, gari la familia linalovutwa na matairi ya mbele, wakauhamishia mtambo huo nyuma ya viti. Toyota walipiga hesabu za namna hiyohiyo. Mradi wao, ulioanza mwaka 1976, uliongozwa na mhandisi Akio Yoshida.

Ukiinama chini ya MR2 ya kwanza utaona walivyofikiri. Radieta iko mbele, na mabomba ya maji yanapita chini ya gari hadi kwenye injini. Ndiyo maana fundi akibadilisha maji bila kutoa hewa yote, injini itachemka. Tangi la mafuta limewekwa katikati, baina ya viti, ili mafuta yakipungua mizani ya gari isiyumbe. Gari zima lina uzito wa takriban tani moja tu.

Toleo la pili, la mwaka 1989, lilipata pia injini ya turbo. Dereva akiachia mafuta ghafla kwenye kona, mkia ulimponyoka, na baadaye Toyota walirekebisha sehemu za chini na matairi. Toleo la tatu lilikoma mwaka 2007.

Kijana unayejifunza ufundi, usidharau spea za gari la kawaida. MR2 ilichaguliwa kuwa gari la mwaka Japani, 1984–85, na moyo wake ulikuwa injini ambayo Toyota waliifunga pia kwenye Corolla. Uhandisi mkubwa ni kujua kila kitu kikae wapi, na kwa nini.