Kukarabati nyumba kongwe ya udongo Tabora: vya kisasa viingie wapi?

Kiangazi kinapofika, mafundi wa Tabora hawashikiki, na sisi huku studio swali ni lile lile kwa sura tofauti: nyumba ya babu tuivunje, au tuikarabati? Anayeuliza kwa kawaida anataka choo cha ndani, jiko zuri, sakafu ya marumaru na taa za darini. Hayo yote yanawezekana. Shida ni kwamba nyumba nyingi za udongo huharibiwa na ukarabati wenyewe, tena ukarabati uliogharimu fedha nyingi.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nyumba gani. Tembe la njia ya misafara lilikuwa na kuta nene za udongo, paa bapa, baraza mbele na ua katikati. Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba 1857, walifikia kwenye nyumba za wafanyabiashara wa Kiarabu. Linalojulikana zaidi ni tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ambako Stanley na Livingstone walifika pamoja Februari 1872. Stanley aliondoka Machi, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti 25. (Wageni ndio walioachiwa jina la nyumba, wapagazi wa Kinyamwezi walioibeba njia nzima hawakuachiwa hata chumba.) Tembe unaloliona leo si lile lile. La awali lilibomoka, na hili lilijengwa upya mwaka 1957. Udongo ndivyo ulivyo: usipotunzwa, unarudi ardhini.

Adui wa udongo ni maji. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili hivi, na katika miezi hiyo ukuta hupata unyevu, kisha hukauka taratibu kwa kuutoa nje. Sasa anakuja mtu anapiga lipu ya saruji, ndani na nje, ili nyumba ipendeze. Inapendeza kweli, mwaka wa kwanza. Lakini saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Udongo unapotanuka na kusinyaa, lipu haifuatani nao. Inapata nyufa, maji yanaingia kupitia nyufa hizo na hayatoki tena. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia sauti ya mvungu, lipu imekwishaachana na ukuta, na nyuma yake udongo umeanza kulainika. Watu husema nyumba imezeeka, kumbe imefungiwa maji.

Kinachofaa ni kukandika kwa udongo, na mafundi wetu wengi wanaupenda wa kichuguu kwa jinsi unavyoshika, kisha kupaka chokaa. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua, na ukitaka rangi, inachanganywa humo humo. Ukuta mweupe wa chokaa wenye mawimbi madogo ya mkono wa fundi ndio huo huo ambao hoteli za kisasa zinaulipia ghali.

Sakafu nayo ina mtego wake. Ukitandaza zege na marumaru chumba kizima, unyevu wa ardhini unakosa pa kutokea na kukimbilia kwenye kuta. Ndiyo maana baadhi ya kuta huanza kumomonyoka chini, sentimita chache juu ya marumaru mapya, na lawama anapewa fundi wa rangi. Marumaru tuyaache bafuni.

Na bafu lenyewe? Maoni yetu ni kwamba lisiingizwe katika vyumba vya zamani. Jenga chumba kidogo cha tofali za kuchoma uani, karibu na mlango wa nyuma, choo, bafu na sinki la jiko vikae upande huo, kisha uezeke njia fupi ya kufikia. Bomba likipasuka usiku, litalowesha tofali za kuchoma, si ukuta wa babu. Umeme nao usitindue ukuta wa udongo kuficha waya. Tindo linalegeza zaidi ya lile unaloliona. Pitisha waya nje ya ukuta, kwenye mabomba yake, kwa mstari ulionyooka.

Paa bapa la boriti, fito, nyasi na udongo ulioshindiliwa lahitaji kutazamwa kila mwaka, na wengi walishalibadilisha kwa bati. Hatuwalaumu. Ila bati liwe na ukingo mrefu wa kumwaga maji mbali na ukuta, na chini kuwe na mtaro. Tungeomba pia usiharakishe kufunga dari ya jipsamu. Boriti za mninga zikiachwa wazi ni mapambo tosha, na mchwa akipanda unamwona mapema. Nyuma ya jipsamu unamwona siku dari inapodondoka.

Ndani, uzuri mwingi tayari upo. Vidaka vya ukutani viwekwe taa ndogo na vitabu. Madirisha madogo yasipanuliwe kwa ajili ya vioo vya aluminiamu, kwa sababu unene wa ukuta na udogo wa dirisha ndivyo vinavyofanya chumba kiwe baridi mchana. Samani za kisasa zisimame zenyewe sakafuni, zisipigiliwe ukutani.

Kama nyumba yako ina mlango wa nakshi, usimpe mnunuzi anayepita kabla hujauliza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Wasiliana na Idara ya Mambo ya Kale, na kwa ujenzi wowote mjini pitia kwanza manispaa kupata kibali.

Mpangilio wa kazi ni huu: paa na mtaro kwanza, mwezi Mei au Juni, lipu ya saruji iliyolegea ibanduliwe na ukuta uachwe ukauke wiki kadhaa, halafu kukandika, chokaa, waya, na mwisho kabisa samani. Fundi akikuambia aanze na rangi, mwulize kwanza maji ya mvua ya paa lako yanaangukia wapi.