Ndege wadogo wa Uingereza wanaofika katika misitu ya Kongo

PINGA – Kila mwaka, tangu mwezi wa tisa na wa kumi, ndege wadogo wa rangi ya majani hufika Kongo kutoka Ulaya. Mmoja ana uzito wa gramu 10 hivi, sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari. Hula wadudu katika matawi, na mwezi wa tatu au wa nne hurudi kutaga mayai kule walikotoka.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao wanakwenda wapi. Mwaka 1768 Gilbert White, mchungaji katika kijiji cha Selborne, jimbo la Hampshire huko Uingereza, aligundua kwamba ni aina tatu, si moja. Alisikiliza sauti zao akazitofautisha. Lakini baridi ilipoanza walitoweka. Wasomi wa siku zile walidhani kwamba hata mbayuwayu hujificha katika mashimo au matope.

Jibu lilikuja kidogo kidogo. Mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, korongo aliuawa akiwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni. Mwaka 1911 mbayuwayu alivishwa pete mguuni Uingereza; mwisho wa 1912 akakamatwa Natal, Afrika ya Kusini. Hapa Kongo, Mmarekani James Chapin alizunguka misituni kuanzia 1909 hadi 1915, akisaidiwa na wawindaji na wabebaji Wakongo. Vitabu vyake vinne juu ya ndege wa Kongo, vilivyotoka kati ya 1932 na 1954, vinawataja pia wageni hao wa Ulaya.

Kati ya aina tatu za White, mbili hufika hadi Kongo. Moja kati ya hizo, ile inayopenda miti mirefu, imepungua sana Uingereza, na tangu 2009 iko katika orodha nyekundu ya nchi hiyo. Wachunguzi wanatafuta sababu pande zote mbili za safari, kwa kuwa msitu ukilindwa kule na kukatwa huku, ndege anapotea vilevile.

Lakini familia iliyokimbia vita na kuacha shamba lake inahitaji kuni leo, na mara nyingi makala ndiyo biashara pekee inayobaki. Kwa hiyo kulinda msitu wa Masisi na Walikale kunaanza na amani, ili wahami warudi kulima kwao.