Nyongo, Tabia na Roho: Kitabu cha Tabibu wa Baeza

Mwaka 1525, kiwanda cha uchapaji kilichoanzishwa na Aldus Manutius mjini Venice kilitoa maandishi ya tabibu Galen kwa Kigiriki, mabuku matano. Tukio hilo limekwisha kutimiza miaka 500, na athari zake zilivuka mipaka ya utabibu.

Galen, mzaliwa wa Pergamon, alirithi kwa wafuasi wa Hippocrates fundisho la vimiminika vinne vya mwili: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Akasisitiza kwamba nguvu za roho hufuata mchanganyiko wa mwili. Kwa hiyo, mwenye hasira alihitaji chakula kinachomfaa kama alivyohitaji mawaidha. Elimu hiyo ilipitia kwa matabibu wa Kiarabu, na alama yake imo hata katika Kiswahili: safura inatokana na jina la Kiarabu la nyongo ya manjano.

Aliyeifikisha mbali zaidi hoja ya Galen kwamba roho hufuata mwili ni Juan Huarte de San Juan, tabibu wa Hispania. Mwaka 1575, mjini Baeza, alichapisha kitabu kuhusu vipaji vya watu, akakitabaruku kwa Mfalme Felipe II. Alidai kwamba ubongo mkavu huleta ufahamu, wenye unyevu huleta kumbukumbu, wenye joto huleta ubunifu. Kila kijana apelekwe kwenye elimu inayolingana na umbile lake. Wanateolojia walishtuka. Ikiwa akili na wema hutegemea joto na unyevu, hiari iko wapi, na roho itaishije baada ya mwili kuoza? Ureno ilikipiga marufuku mwaka 1581, na Inkwizisheni ya Hispania, mahakama ya kidini, ikafuata. Toleo lililosafishwa lilitoka mwaka 1594, Huarte akiwa amekwisha kufariki. Sura ya 7, iliyohusu roho na mwili, iliondolewa nzima.

Mwanafalsafa Descartes naye aliandika mwaka 1637 kwamba kama ipo njia ya kuwafanya watu wawe na hekima zaidi, itafutwe katika utabibu. Kitabu chake cha 1649 kuhusu hisia za roho kinaeleza hasira na huzuni kwa mwendo wa damu. Ni dhuluma kwamba masomo ya falsafa humtaja sana yeye na kumsahau Huarte.

Mzunguko wa damu alioueleza tabibu Harvey mwaka 1628 ulidhoofisha tiba ya Galen. Hata hivyo, uhusiano wa utabibu na falsafa haukukatika: Locke, mwanafalsafa aliyesomea utabibu, alifanya kazi pamoja na tabibu Sydenham, na mwaka 1752 mwandishi Lessing alikitafsiri kitabu cha Huarte kwa Kijerumani.